Mti wa Uani na Hidra ya Chupani

Mpendwa Papa,

Mizinga inasikika upande wa Sake tangu asubuhi. Jirani zetu wanafunga magodoro juu ya pikipiki. Boti la Bukavu linaondoka kesho, na Mama amekataa kupanda. Nakuandikia bila kujua barua niipeleke wapi, kwa maana tangu uende Vitshumbi kumchukua bibi, mama yako, na vita vikafunga barabara nyuma yako, hatujapata habari yako.

Unakumbuka somo lako la biolojia hapa nyumbani Ndosho? Uliweka mezani chupa ya maji ya bwawa, ukanipa lenzi. Ndani mlikuwa na hidra, kijinyama chembamba kama uzi, chenye mikono ya kukamatia chakula. Kisha ukanionyesha ua wetu. Ulikuwa umekata matawi ya ule mti wa maua mekundu, wa jamii ya maharagwe, ukayasimamisha kati ya mawe ya volkano yawe nguzo za uzio, nayo yakachipua.

"Vyote viwili ukivikata vinaota tena," ulisema. "Sasa uniambie tofauti."

Nikasema hidra ni bora: mtoto wake huota ubavuni mwa mama, akikomaa hujibandua akaenda zake, lakini mti hungoja shoka. Ukacheka.

"Unajibu sawa na mukimbizi. Muti unabakia, mizizi yake inalisha udongo. Mutu akipanda kitu pale, atakula."

Mama akaja akamwaga chupa, akidhani ni maji machafu, ukanuna hadi chakula cha mchana.

Leo hakuna wa kucheka. Nina watoto wawili, Papa. Nimemsihi Mama, nimemfokea, nimebeba mfuko wake hadi barabarani, akaurudisha ndani.

"Miye siende fasi, sitoke hapa," anasema. "Muzee akirudia, atakuta nani?"

"Na bomu ikianguka, atakuta nini?"

Nilijuta papo hapo. Hakukasirika. Alimfunga mwanangu mdogo mgongoni mwangu kwa kitenge chake mwenyewe, akakaza fundo.

"Weye ni mama ya hawa. Enda."

Basi nitajibandua. Ninaogopa, na nina hasira na wewe uliyesema utarudi Jumamosi.

Kila jioni tunaposali rozari, Mama akifika kwenye jina lako hajui akuweke kwa wasafiri au kwa marehemu. Hata mimi sijui, Papa: nikuombee urudi, au nikuombe utuombee mbinguni?

Mtoto wako wa kwanza