Bakuli Ambalo Sikuweza Kulimaliza

Musonoi, Jumapili, katikati ya Novemba.

Mvua ilianza kabla ya misa na hadi sasa haijakatika. Vumbi la mashimo ya mgodi limelala, napumua vizuri, na hilo ndilo jambo pekee lililokwenda vizuri leo. Mdogo wangu Kasongo ameondoka. Sijui kama nitamwona tena.

Nitaandika kwa utaratibu. Nikiandika ovyo nitalia, na nimechoka kulia.

Wanaosoma kurasa hizi wanajua kwamba mwezi wa tano nilifanyiwa upasuaji. Walikata sehemu kubwa ya tumbo langu la chakula, wakaacha kipande chembamba kama ndizi, ili nipungue uzito. Sukari ilikuwa imepanda, magoti yalikuwa yamekataa kunibeba, na daktari aliniambia kwamba moyo wangu unafanya kazi ya watu wawili. Mwanangu aliyeko Afrika Kusini alipanga kila kitu, mimi nikapanda ndege na kulala pale waliponiambia nilale.

Tangu hapo, katika umri wa miaka sabini na mbili, ninajifunza kula. Nakula vijiko vichache, na vya chai. Samaki au yai kwanza, mengine baadaye kama nafasi imebaki. Kila tonge natafuna mpaka liwe uji mdomoni. Kitu kitamu kikizidi kidogo, jasho linanitoka na moyo unakimbia kama nimeiba. Bia nimeiaga. Na maji hayakutani na chakula: nikila, sinywi, nikinywa, sili. Lazima nusu saa ipite kati ya kimoja na kingine.

Watu hudhani ninakosa nyama. Ninachokosa ni kunywa. Zamani nikirudi kutoka juani nilishika kopo kwa mikono miwili na kuligeuza mpaka chini. Sasa nakunywa funda dogo, nangoja, funda dogo, nangoja. Kiu ya namna hii haiishi, inasogezwa mbele tu.

Nimezoea, kidogo. Nisichozoea ni kula nikiwa nyuma ya wengine. Bukari, ugali wetu, huliwa katika bakuli moja, mkono baada ya mkono. Ninapomaliza kutafuna tonge langu la kwanza, wenzangu wameshanawa. Kwa hiyo nimekuwa nikila peke yangu, chumbani, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Sasa Kasongo.

Mimi na yeye ni wa mama mmoja. Kwetu ni kaskazini, ng'ambo ya mto mbele ya Ankoro. Maji yanayopita katika bwawa la Nzilo, hapa karibu na Kolwezi, baada ya safari ndefu hupita mbele ya kijiji chetu. Mara nyingi nimekaa Nzilo nikiyatazama yakienda nisikoweza kwenda. Vita vilipofika, mama hakuweza tena kutembea mbali. Mimi nilikuwa na watoto wadogo wanne. Nikachukua mke na watoto, tukapanda kusini, kwa miguu kisha kwa lori. Kasongo, ambaye hakuwa bado na mke, akabaki na mama. Hakuna aliyetuambia tugawane hivyo. Yeye mama, mimi watoto. Tuligawana asubuhi moja, haraka, kama watu wanaogawana mizigo.

Walijificha porini. Mama hakuuawa na risasi. Alikufa kwa njaa, na Kasongo akamzika peke yake.

Habari zilinifikia nikiwa tayari Kolwezi. Baadaye simu zilipofika kijijini tuliongea mara nyingi, miaka na miaka: mapaa ya nyasi, magonjwa ya watoto, mvua. Mama hatukumgusa hata mara moja.

Sijui kama Baluba wote, watu wa kabila letu, wanafanya hivi, lakini katika nyumba ya baba yangu, kifo kikisimama kati ya ndugu wawili, jambo halimalizwi kwa maneno. Linamalizwa kwa bakuli. Bukari na kuku, kikombe kimoja cha maji katikati. Mdogo anakata tonge la kwanza, mkubwa anakunywa wa kwanza. Hakuna anayesema, hakuna anayesimama, mpaka bakuli liwe tupu. Likiisha, jambo limeisha, na hakuna mwenye ruhusa ya kulitaja tena mpaka kaburini. Mmoja akisimama kabla, bakuli limebaki. Na jambo limebaki nalo.

Kasongo alikuja kwa ajili ya bakuli hilo. Alisafiri juma zima, boti, lori, basi, na katika mzigo wake alileta unga wa mahindi kutoka shamba lililokuwa la mama.

Alishuka kituo cha basi Alhamisi. Nilikuwa nimesimama nikimsubiri, naye akanipita. Alipita mbele ya kaka yake akiendelea kumtafuta kaka yake, yule mnene wa kwenye picha. Nilipomwita aligeuka, akaniangalia kuanzia miguuni, akapiga makofi ya heshima kama tulivyofundishwa, halafu akaninyamazia njia nzima.

Akaniuliza kama naumwa. Nikasema sukari.

Binti yangu Mado, ninayeishi kwake, alinivuta jikoni jioni ile ile. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Papa, mumuambie Papa Kasongo mambo ya operesheni. Atajua tu." Nikamwambia hayo ni mambo ya wanaume wawili, aniachie. Nilisema uongo. Yalikuwa mambo ya aibu.

Ningemwambiaje? Nilifika mji huu na mifupa yangu, na hapa, mbele ya chakula cha kwanza cha kushiba, niliapa kwamba sahani yangu haitarudi jikoni na kitu tena. Nikakitimiza kiapo hicho kwa miaka zaidi ya ishirini. Nilikuwa karani, nilikaa kwenye kiti, nilikula. Nilikula na sehemu yangu na sehemu ya wasiokuwapo. Unene wangu wote ulitoka katika njaa ile, nami nikaenda nchi ya watu kulala chini ya kisu ili unitoke. Ningemwambiaje hayo mtu aliyemwona mama akifa kwa kukosa kula?

Kwa siku mbili nilijificha mbele ya macho yake. Nilionja, nikasema nimeshiba. Kasongo, ambaye huniita Yaya, yaani kaka mkubwa, ni mtu wa mzaha tangu utotoni; jana alimwambia Mado, mimi nikisikia, "Yaya anakula kama bibi-arusi mbele ya bakwe." Mado akacheka, mimi nikacheka. Yeye alikuwa wa kwanza kuacha kucheka.

Leo baada ya misa Mado alipika. Alitaka kupika bakuli dogo, Kasongo akamkataza; bakuli dogo ni la watoto, alisema, na hili ni la mama yetu. Likaletwa kubwa, linatoa moshi. Nilijua harufu ya unga ule kabla haijanifikia vizuri. Mado akatunawisha, akaacha beseni karibu na mguu wangu, akatoka.

Nilikuwa nimejiandaa. Tangu alfajiri nilikuwa nimekunywa mchuzi tu. Nilijiambia kwamba nikitafuna polepole sana, na Kasongo akiwa na njaa ya kawaida, tutafika.

Kasongo akakata tonge la kwanza. Nikanywa, funda moja dogo, kwa sababu mkubwa lazima anywe. Nikala. Tonge la kwanza lilishuka. La pili lilishuka. Kisha nikaona kitu ambacho sikukitarajia: Kasongo alikuwa ananisubiri. Kila nilipotafuna aliweka mkono wake gotini mpaka nimeze, ili tuende sawa, ili asile hata tonge moja kumzidi kaka yake. Heshima ile ndiyo iliyonimaliza. Nikaanza kuharakisha.

Tonge la nne lilisimama.

Aliyepasuliwa kama mimi anayajua maumivu hayo. Yanakaa hapa, chini ya mfupa wa kifua, kama umemeza jiwe, na mate yanajaa mdomoni bila kuitwa. Dawa yake ni moja: acha kula, simama, tembea polepole, subiri. Lakini kusimama kulikatazwa, na kusema kulikatazwa. Kasongo alikuwa ananitazama, mkono gotini. Basi nikafanya kitu ambacho kila mtu kule hospitalini alinionya nisikifanye. Nilishika kikombe, nikanywa ili kulisukuma.

Maji yalifika yakakuta mlango umefungwa.

Vyote vilirudi. Niliwahi tu kuinamia beseni la kunawia. Unga wa shamba la mama, uliobebwa juma zima, ulitoka mdomoni mwangu mbele ya mtu aliyeubeba.

Nikajifuta mdomo.

Halafu Kasongo akasema, taratibu kabisa: "Yaya, mudomo ilikubali. Tumbo njo imekataa."

Nikapandisha shati. Nikamwonyesha makovu, yale madogo, kila moja na mahali pake, na nikamwambia yote. Sikuficha tena kitu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza mahubiri.

"Balimukata juu musikule?"

Nikasema ndiyo, walinikata ili nisile sana.

"Mwenyewe mulitaka?"

Nikasema mwenyewe.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika, hasira ina mwisho. Alitikisa kichwa mara kadhaa, akanawa mkono wake kwa maji yaliyobaki kwenye jagi, akasema kitu ambacho nimekuwa nikikisikia mchana wote.

"Mungeniambia siku ya kwanza, ningesema bapike uji."

Uji. Ningeweza kunywa uji. Kikombe kimoja, polepole, pamoja naye, tungekimaliza. Unga ni ule ule. Nilikuwa nimeogopa kanuni, kumbe mwenye kanuni alikuwa tayari kuilegeza, kama angejua sababu. Nilimwomba tufanye hivyo sasa hivi, Mado achemshe maji. Akakataa kwa upole, kama unavyomkatalia mgonjwa.

"Hapana, Yaya. Ya mama ni moja tu. Hatuwezi kumupikia mara mbili."

Nimesoma vitabu vingi maishani mwangu. Naweza kubishana kuhusu mila, inatoka wapi, inasaidia nini, nani aliianza. Lakini Kasongo hakuwa anashika mila. Alikuwa anamshika mama, kwa njia pekee aliyokuwa nayo.

Alitakiwa kukaa mpaka Jumatano. Alimwomba Mado amwitie taximoto, awahi basi la mchana la kwenda Lubumbashi. Mado alimsihi asubiri hata mvua ipungue. Akamjibu kwamba kwao mvua imeshamzoea. Alifunga mzigo wake, ambao sasa ulikuwa mwepesi, na akatoka hadi barazani. Pikipiki ilikuwa imesimama kwenye tope, dereva amejifunika plastiki.

Nilifikiri ataondoka bila kunigusa. Lakini alirudi hatua mbili, akashika mkono wangu wa kulia, akazungusha kidole gumba na kidole cha shahada kwenye kifundo cha mkono wangu. Vidole vilikutana, vikapitana. Akavishikilia hapo.

"Mama alikuwaka namna hii," akasema.

Akapanda. Sikumwona uso.

Sasa ni jioni. Mado amelifunika bakuli kwa sahani na hajui alipeleke wapi. Hataki kulitupa, na hataki watoto wake walile. Ameniletea mchuzi, nimekunywa nusu. Amekaa karibu nami bila kusema kwamba alinionya, na kwa hilo namshukuru.

Naangalia mkono wangu. Miezi hii yote nimefurahia kupungua kwake. Saa yangu inazunguka, pete imekwenda kwa fundi ikapunguzwa, na kila mtu hapa mtaani ananipongeza. Sikujua kwamba nilikuwa nazidi kufanana na mtu. Sikumwona mama akikonda. Kasongo alimwona, siku baada ya siku, na Alhamisi nilipomwita pale kituoni, alipogeuka na kunyamaza, nadhani hakuwa ananiona mimi.

Nimekuwa nikifikiri kitu kingine pia, nacho ni kigumu kukiandika.

Bakuli lingeisha leo, nisingeruhusiwa kumtaja mama mbele ya Kasongo tena. Hiyo ndiyo maana ya kuisha. Nilitaka sana liishe. Labda nilitaka hivyo kwa sababu hiyo hiyo: nimeze tonge la mwisho, ninawe, nisilazimike kusikia. Lakini limebaki. Jambo liko wazi, kama jeraha lilivyo wazi, na hakuna anayetukataza kusema.

Kesho, akiwa ameshafika Lubumbashi, nitampigia simu. Sitamwomba bakuli jingine, wala sitaeleza tena habari za daktari. Nitamuuliza swali ambalo sijawahi kumuuliza, na nitangoja jibu hata kama litachukua simu nzima: siku zile za mwisho, kule porini, mama alikuwa anaomba nini? Chakula, au maji?