Nahodha wa Chini ya Meza

Shoga, nacheka mpaka mtoto ameachia ziwa!

Si baba mtoto kasema mbele ya mama yake kwamba kunyonyesha kumenipinda mgongo kama ndoano? Eti dawa ni zoezi la kupiga kasia, nimtazame bingwa.

Akalala chali chini ya meza ya chakula, akashika ukingo ili ajivute juu, akajikaza kama ubao. Nikamwonya meza ni nyepesi. "Acha woga, kifua kinapanda!"

Kifua hakikupanda. Meza ndiyo iliyoshuka. MEZA, shoga! Na bakuli la uji uliopoa, lote usoni.

Mama mkwe hata hakuinuka: "Nahodha, chombo kimezama?"

Sasa analia mgongo, eti nimkande. Nimemjibu: "Ndoano haikandi, mume wangu. Ndoano hunasa."