Baba Ameshika Kijiti kwa Mkono wa Kushoto

Jumapili usiku

Watasema nilimwachia. Sikumwachia Baba hata kidogo, nilicheza kwa nguvu zangu zote.

Ndiye aliyenifundisha pool, lakini tangu kiharusi kimlegeze mkono wa kulia, alikuwa hataki hata kuiona meza. Leo, hapa Donholm, akakichukua kijiti kwa mkono wa kushoto. Niliogopa ataaibika mbele ya watu.

Alikosa, akakosa tena, kisha mkono ukazoea. Ulipobaki mpira mweusi tu, aliinama akausukuma taratibu hadi shimoni. Ukumbi mzima ukashangilia.

"Baba, umenishinda!"

"Panga mipira tena," akasema. "Na uache kuniangalia kama mgonjwa."

Bado naihofia presha yake. Lakini leo nimeshindwa na babangu, na nimerudi nyumbani kifua mbele.