Picha ya Mfuko wa Makaa Ilipigwa Bwera

Bwera, 10 Juni 2024

Mutoto yangu Akena,

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Mimi niko muzima, isipokuwa goti ya kushoto inayojua mvua kabla ya redio. Yvette mutoto yangu anakusalimia pia. Tangu uliacha chumba yetu ya nyuma na kwenda Rukoki kwa kazi ya umeme, anasema nyumba imepoa. Wewe je? Kile kikohozi kiliisha?

Musitafa dereva anakuletea barua hii na kadi mbili za kamera. Angalia asiziweke mfuko moja na funguo zake. Nilipiga jioni tatu, saa mbili mpaka saa nne, kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Umeme ilikatika siku zote tatu, na kwa mara ya kwanza nikashukuru. Ile mashine uliyotengeneza na mota ya printa inazungusha kamera muzuri kabisa ifuate nyota, lakini chuma yake lazima ilale karibu chini, ielekee milima, kaskazini. Lenzi ndiyo inaangalia kusini, kwenye nyota za Musalaba. Foto mia mbili na kumi, kila moja dakika moja.

Jioni ya pili balikuya askari wa doria. Mukubwa wao akamulika tochi.

"Simama hapo! Hiyo kitu inalenga nani?"

"Afande," nikamwambia, "zima tochi kwanza, unaniharibia foto."

Akazima. Nikamuonyesha Musalaba wa Kusini na ile doa nyeusi pembeni yake. Akauliza kama ni shimo. Nikamueleza vile ulinifundisha, kwamba jina yake ni Mfuko wa Makaa, na si shimo, ni vumbi nyingi inayofunika nyota za nyuma. Alikaa juu ya gunia karibu nusu saa. Wakati wa kuondoka aliambia wenzake bapitie njia ya chini na taa zao.

Mwishoni nilifunika lenzi, nikapiga foto makumi tatu za giza tupu, kama ulivyoagiza. Niko na miaka ishirini na tano kwenye kazi ya foto, sijawahi kupiga kifuniko.

Tantine yako,
Martine

*

Rukoki, 30 Juni 2024

Tantine, shangazi yangu mpendwa,

Habari za hapo nyumbani, na goti linasemaje? Mimi sijambo, kikohozi kimeisha. Mke wangu Aryemo anakusalimia na kusema amechoka kunitazama mgongo, maana kila nikitoka kazini nakaa kwenye kompyuta.

Ninayo sababu. Hapa Rukoki nikielekeza kamera kusini, napata taa za mji wa Kasese tu. Anga uliyonitumia sijawahi kuipata kwenye kamera. Nilianza kwa kuondoa picha zilizoharibika, ishirini na tatu, moja ikiwa na tochi ya afande wako. Zilizobaki nikazipanga moja juu ya nyingine, nyota juu ya nyota. Picha moja peke yake ina chengachenga, huoni kitu. Zikifika mia, chengachenga zinatulia. Zile picha zako za kifuniko ndizo zilinisaidia kufuta madoa ya kamera yenyewe.

Siku ya tano nilimwita Aryemo aje aone. Mimi nilizoea kusema Mfuko wa Makaa ni mweusi. Si mweusi, Tantine. Kingo zake ni rangi ya kahawa iliyokaangwa, na kutoka hapo michirizi ya vumbi inatambaa kuelekea mashariki, mingine myembamba kama uzi. Aryemo alisimama pale mpaka chai ikapoa.

Agosti kuna maonyesho na mashindano ya picha za anga kule Kampala. Nimekuwekea nakala humu; ukiniruhusu, nitatuma picha yetu.

Mtoto wako,
Akena

*

Bwera, 9 Julai 2024

Mutoto yangu,

Salamu kwako na kwa Aryemo. Hapa wote beko salama.

Tuma. Batu ba Kampala baone vile Bwera inaonekana umeme ikikatika. Ile kopi uliyonitumia nimeitundika studio, katikati ya foto za pasipoti. Mama mmoja aliona nyeusi ile, akauliza ni nani amekufa. Nikamwambia hakuna, mama, kaa muzuri, angalia hapa.

Tantine yako,
Martine

*

Bwera, 2 Septemba 2024

Akena,

Nakusalimia. Natumaini wewe na mke wako muko wazima.

Jana baada ya misa, mwalimu Birungi alinionyesha gazeti. Foto ya Mfuko wa Makaa imeingia kwenye kumi bora, nikafurahi mpaka nikapiga makofi mbele ya kanisa. Kisha nikasoma chini yake: Picha na Akena, Rukoki. Na maneno yako wameandika: "Nilikaa gizani peke yangu jioni tatu."

Nilisoma mara mbili. Nikageuza karatasi kuona kama jina yangu iko upande mwingine.

Kuna kitu sijakuambia. Kule Butembo, ng'ambo ya mupaka, studio yetu ilikuwa na muhuri wa kugonga nyuma ya kila foto: Photo Benoît. Benoît, bwana yangu, alikuwa mutu muzuri, Mungu amulaze pema. Lakini harusi, yeye alipiga kanisani, mimi kwenye karamu. Ubatizo, mimi. Maiti kwenye jeneza, mimi, sababu yeye aliogopa. Miaka kumi na tisa. Vita ilipotukimbiza, hakuna mutu mmoja wa Butembo aliyejua nimewahi kushika kamera, na huku Bwera nikaanza kazi kama mwanafunzi. Simulaumu marehemu. Yeye hakuuliza, mimi sikusema.

Sasa nasema. Zile jioni tatu ni zangu. Afande alisimama mbele yangu, si mbele yako.

Mupe Musitafa kadi zangu zote.

Martine Kavira

*

Rukoki, 6 Septemba 2024

Tantine,

Salamu nyingi. Kadi hizo hapo, zote mbili.

Fomu ya maonyesho ilikuwa na nafasi ya jina moja tu. Mwandishi wa gazeti naye alinipigia simu nikiwa juu ya ngazi kiwandani, sikupata muda wa kueleza mambo marefu. Na kusema kweli, kazi ya kompyuta ilinichukua wiki tatu. Bila hiyo kazi, zile picha zingebaki chengachenga.

Naomba usikasirike.

Akena

*

Rukoki, 27 Oktoba 2024

Tantine Martine,

Nakusalimia kwa heshima. Sijui goti likoje, maana hukunijibu, na sikutegemea ujibu. Nami sijalala vizuri tangu niandike ile barua ya mwezi wa tisa. Aryemo aliniomba nimsomee nilichokuandikia. Nilipomaliza akaniuliza, "Na 'peke yangu'? Hilo neno nalo lilitoka kwenye fomu?"

Jana nilikwenda Kampala kwenye kutoa tuzo. Picha ilikuwa ukutani, kubwa kama mlango. Kabla ya washindi kutajwa, kila mmoja alisimama kueleza kazi yake. Mzee mmoja wa majaji, anaitwa Baker, akaniuliza niliwezaje kuelekeza mashine hapa kwetu ambapo hakuna nyota ya kaskazini ya kushika. Swali zuri, na jibu ninalo, lakini ni lako. Wewe ndiye uliyelaza kile chuma kwa mkono wako.

Nikawaambia: "Sikuielekeza mimi, sikuwepo. Picha hizi zilipigwa Bwera na Martine Kavira. Mimi nilizipanga tu. Nilidanganya gazeti."

Majaji wakatoka nje, wakarudi. Baker alisema kwa upole kwamba sheria yao inataka mtumaji awe ndiye mpigaji, kwa hiyo picha inatoka kwenye mashindano. Waliishusha mbele yangu na nikasaidia kubeba upande mmoja. Kisha nikalipelekea gazeti masahihisho, nakala yake nimeiweka ndani ya bahasha hii.

Usifikiri fomu ndiyo iliyonikosesha. Kiwandani mimi ni yule fundi wa taa, hakuna anayenijua jina. Nilipoona jina langu limechapwa nilitaka liwe peke yake. Hiyo ndiyo kweli yenyewe. Nisamehe.

Mtoto wako, kama bado,
Akena

*

Bwera, 12 Januari 2025

Mutoto yangu Akena,

Heri ya mwaka mupya kwako na kwa Aryemo, ambaye namushukuru zaidi kuliko wewe. Hapa tuko wazima, Yvette amefaulu mitihani.

Barua yako nilipokea. Nilisoma, nikaweka, nikasoma tena siku ya Noeli. Sikunyamaza kwa hasira peke yake. Nilitaka kwanza kujua kama naweza bila wewe.

Tangu Desemba anga imefunguka, nami nimehama Musalaba. Sasa napiga mashariki, chini ya ukanda wa Orioni, pale vumbi inajikata kama kichwa cha farasi mbele ya wingu nyekundu. Niko na foto mia nne. Afande anapita kila juma kuuliza kama farasi ametoka. Nilikwenda kwa mwalimu Birungi, ana kompyuta, tukajaribu kuzipanga. Kila nyota ikawa mbili, kama macho ya mulevi. Birungi akacheka mpaka akashika meza.

Kwa hiyo sikia. Kadi sikutumii. Kuja wewe, Jumamosi, na kompyuta yako. Sikuiti kuomba radhi, hiyo umeomba na nimeipokea. Nakuita kufundisha. Kipanya nitashika mimi. Wewe utakaa pembeni uniambie bonyeza hapa, ngoja, rudi nyuma. Hata nikikosea mara kumi, mukono yako ibaki kwako.

Ikitoka muzuri, tutaituma tena Kampala, na kama fomu iko na nafasi moja, tutachora nyingine na kalamu. Jina yako utaandika wewe. Yangu nitaandika mimi.

Tantine yako,
Martine