Mama Yako na Sabuni ya Bwawani

Sólrún, pokea simu basi!

Shoga, mama yako ametolewa kwenye maji. Mama yako! Yule anayewafokea watalii kila siku: "Hapa Iceland hatujazi dawa ya klorini majini! Bakteria tunawamaliza kwa sabuni kabla ya kuingia. Vueni nguo zote, mjisugue!"

Leo bwawa la kuogelea la mtaani limefunguliwa tena, lilikuwa limefungwa kwa sababu ya hao hao bakteria. Mama yako kajikalia kwenye kidimbwi cha maji ya moto, anawalaumu watalii wa Kijerumani kwa kuleta bakteria. Mara Steinunn, msimamizi wa mabafu, akaja akamsimamia kichwani. "Mama, toka. Hukuoga. Nguo ya kuogelea umeivaa toka nyumbani, chini ya koti."

Bwawa zima vicheko. Hata mimi nilicheka, Sólrún. Nilicheka!

Nikamfuata bafuni kumtania. "Haya, Mama Bakteria, sugua!" Alikuwa ameelekea ukutani. Akageuka.

Hana titi la kushoto. Kovu bado jekundu.

Ulijua?? Mimi sikujua.

Akaniambia, "Usimwambie Sólrún, atahangaika bure." Nikamwapia.

Bado nimejifunga taulo, nywele zinachuruzika maji, na nimeshakwambia.