Kiraka cha Kufunga Kumbukumbu ya Akiba

Nachingwea,
Jumapili mchana.

Kwako Dada Dionisia,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo huko Narung'ombe? Shemeji mgongo umemwachia? Ufuta umekauka, au mvua imewachezea? Sisi tunapumua, ila Mama tangu tumzike ndugu yetu Teofili alikuwa anakula kwa kulazimishwa, hata nguo zinamvuka.

Kazi yangu unaijua, ile unayosema ni kukodolea kioo macho. Nakagua viraka, yaani vipande vya kurekebisha programu, vya keneli, ile programu iliyo moyo wa kompyuta, vinavyotumwa na watu wa nchi nyingi. Safari hii kimekuja cha kulinda kumbukumbu ya akiba. Kompyuta hutenga sehemu isiyoguswa, kama mbegu za Mama zilizo juu ya moshi wa jiko. Mashine ikifa ghafla, keneli ya pili huamkia humo na kueleza kilichoiua ya kwanza. Kiraka kinaifunga sehemu hiyo, kitu chochote kisiweze kuandika humo.

Nilikijaribu kwenye kompyuta ya marehemu. Kwanza niliiua makusudi bila kiraka, nione tofauti. Sehemu ya akiba nikaikuta imeandikwa hodi, hodi, hodi. Nikachomoa umeme, maana kumbukumbu hiyo ikikosa umeme husahau yote. Nilipoiwasha tena, maneno yalikuwapo tena, na pembeni Mhandisi Mbaazi, jina la utani alilokuwa akiniita Teofili. Dada, niliogopa.

Nilimpigia Fahadi wa Ruangwa, tunayekagua naye. Hakucheka. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, kama nilikuwa nimeitikia.

Niliitikia, dada. Kwetu hodi haiachwi hivihivi, na vidole viliandika neno karibu kabla sijafikiri. Kesho yake Mama aliandaa sahani tatu, ingawa tuko wawili tu, akala akashiba, akaimba kwa Kimwera huku anapepeta mpunga.

Jana niliweka kiraka. Kinafanya kazi vizuri mno: kioo kilijaa taarifa kwamba kuna kitu kinajaribu kuandika na kinakataliwa, kinajaribu, kinakataliwa. Mama akatoka jikoni analia, akaniuliza kwa nini nimemfungia mwenzangu nje.

Nimewajibu wenye keneli kwamba kiraka ni salama, wakipokee. Ila kwenye mashine ya hapa nyumbani nimekitoa. Usimwambie padri.

Msalimie Shemeji, na Happy asome kwa bidii. Mama anakusalimu sana. Anasema Teofili naye anakusalimu, na anauliza aje kwako lini.

Mdogo wako,
Evarist