Hodi kwa Moyo Ulionyamaza

Brooklyn Park, karibu na Minneapolis

Mke mwenzangu Neema,

Huku hatujambo. Theluji imeanza kuyeyuka, na mume wetu, babu yako, amenyoa ndevu kama bwana harusi kwa ajili ya upasuaji wa moyo Jumanne. Umeniuliza: wakiusimamisha moyo wake kwa dawa iliyopozwa, yeye atakuwa wapi?

Nilipokuwa mwanafunzi hapa Minneapolis, nilitunza seli za moyo wa panya katika kisahani, ndani ya kabati la joto. Panya mwenyewe alishakufa, lakini seli zake zilikuwa zikidunda. Mwanzoni kila moja ilidunda kivyake. Zilipogusana, zikadunda pamoja.

Asubuhi moja nilifungua kabati, na kwa mazoea ya nyumbani nikasema, "Hodi." Nikatoa kisahani, nikakawia kuwasha hadubini. Nilipochungulia, seli zote zilikuwa kimya, kama watu waliokatiza mazungumzo baada ya kusikia mgeni mlangoni. Nikamwita mwalimu wangu.

Akasema, "Ni baridi tu. Zirudishe, ungoje."

Nikangoja. Nilipotazama tena, moja ilitikisika. Kisha zote zikaanza, kwa mdundo uleule, kana kwamba zinaendelea palepale zilipoachia.

Nilielewa kwa nini zilinyamaza. Zilikuwa wapi, mjukuu wangu, sijui mpaka leo nimeota mvi.

Jumanne, wakishamtoa kwenye upasuaji, nitakaa kando ya kitanda chake. Nitamnong'oneza hodi sikioni, kisha nitangoja anikaribishe.

Bibi yako